Mkasi Ndio Baridi Yetu

Mpwa wangu,

Jumapili ulipokuja Mpunguzi ulinikuta chini ya mwarobaini nimekaa tu. Ukaniamkia, "Shikamoo mjomba," nikaitika marahaba, tukaingia ndani kula. Mkaza mjomba wako alikuwa amesonga ugali wa uwele na kupika mlenda, kwa sababu anajua huko Ilazo unaishi kwa chipsi. Ukaegemeza simu kwenye jagi la maji, ukachomeka waya sikio moja, sikio la pili ukatuachia sisi. Nikakuomba unisogezee chumvi. Ukanijibu, "Sawa dokta, nitaituma kesho."

Mkaza mjomba wako alicheka mpaka akaweka tonge chini. Mimi nilikuwa natazama tonge lako. Ulilichovya, ukaliinua, likasimama njiani kati ya bakuli na mdomo, uzi wa mlenda ukining'inia hadi ukakatika wenyewe. Nilihesabu kimoyomoyo, nikafika ishirini. Macho yako yalikuwa wazi na ulikuwa umelala. Na semista, kwa maneno yako mwenyewe, ndiyo kwanza ina wiki mbili.

Nimechoka, mama. Wewe hujanichosha, kilichonichosha ni kusema. Nilikaa masijala miaka thelathini na moja, na barua za kuomba ruhusa ya masomo zilipita mikononi mwangu, za madereva na za wakurugenzi. Mawaidha haya nimewapa vijana wengi hata sasa yananitoka kama sala. Waliitikia "ndiyo mzee" kwa adabu, wakaenda kufanya vilevile. Nawe utaitikia. Lakini mkubwa akiona shimo akanyamaza, aliyetumbukia atakuwa na haki ya kumuuliza. Basi nisikilize, hata kwa sikio moja. Umeshazoea.

Tulipokwisha kula ulinionyesha hiyo simu. Kozi tano za shahada ya uzamili, semista moja, mtandaoni, nawe ni afisa mipango wa wizara mwenye mtoto wa darasa la tatu. Nikauliza nani amekupangia. Ukasema hakuna, dirisha la usajili lilikuwa linafungwa usiku ule, ukaona bora uchukue zote, umalize mapema.

Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1992, na wanafunzi wa kwanza wakaanza masomo mwaka 1994. Mimi niliingia kwenye masomo ya namna hiyo miaka michache baadaye, nikitafuta shahada ya kwanza huku nina watoto wawili. Masomo yalikuwa karatasi. Niliyafunga kwa kamba ya katani nyuma ya baiskeli, na kabla sijafika nyumbani mgongo ulikuwa umeshaniambia nimechukua kozi ngapi. Mama yako alinikuta nikiyapakua, akasimama mlangoni, akauliza, "Kaka, haya yote atayasoma nani?" Sikumjibu. Lakini angalau yeye aliyaona.

Kozi zako tano hakuna aliyeziona. Ulizichukua kwa kidole gumba, umelala kitandani, wala hazina uzito. Wenzako wanaosoma darasani, kama wale wa Chuo Kikuu cha Dodoma kule Chimwaga, wakitamani mno hukatazwa na ratiba: vipindi viwili vikigongana Jumanne saa nne, kimoja lazima kife. Halafu kuna daladala la mwisho, kuna mlinzi anayezima taa, kuna mwalimu anayekutazama usoni akaona umechoka. Wewe umepewa chuo kisicho na mlango. Mhadhara umerekodiwa, unaweza kuusikiliza hata saa nane usiku, na kwa kuwa unaweza, umeshaamini kwamba unapaswa. Zamani mzigo ulijikataa wenyewe. Siku hizi, usipoukataa wewe, hakuna wa kuukataa.

Lete kalamu. Maneno ya wazee mnayabishia, lakini kujumlisha na kutoa ndiyo kazi uliyosomea.

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kusikiliza, kusoma, kuandika, kufanya testi, yote humo humo. Shahada ya uzamili haipungui krediti 180. Hizo ni saa 1,800. Kozi moja tuseme ina krediti 12, yaani saa 120. Kozi tano ni saa 600. Zigawe kwa wiki 16 za semista: saa 37 na nusu kila wiki. Serikali inakulipa mshahara kwa saa 40. Kwa hiyo usiku ule, mama, uliajiriwa mara ya pili, kwenye ajira isiyo na mshahara na inayokutoza ada.

Sasa tutazame mfukoni. Wiki ina saa 168. Kazini, 40. Kwenda Mtumba na kurudi, pamoja na kusubiri gari, 10. Usingizi wa saa saba, ambao huupati, 49. Zimebaki 69. Kupika, kufua, kuoga, kukagua madaftari ya mtoto, tuseme saa tano kwa siku: 35. Zimebaki 34. Ibada, msiba, kikao cha harusi, mgonjwa wa kupelekewa uji hospitali: 10, na hapo nimekupunguzia, maana kwetu huku misiba haiulizi ratiba. Zimebaki 24. Na hizo 24 si zote nzima. Nusu yake ni za kuanzia saa tatu usiku, noti zilizochanika. Unasoma ukurasa mmoja mara nne na mara ya nne ndiyo unagundua ni ule ule. Saa nzima za kununulia elimu unazo 12, ukijitahidi 15.

Kozi mbili zinadai saa 15 kwa wiki. Huo ndio mwisho wa kamba yako. Kozi tatu zinadai saa 22 na nusu, na mtu anaweza kuzivumilia semista moja akiwa na mwenzi anayepika na bosi asiyepiga simu Jumamosi. Mwenzako wa ofisini unayemtaja, aliyemaliza kwa miezi 18, alihitaji saa 23 kila wiki, wiki 78 mfululizo, bila kuugua wala kuuguza. Kama alikuwa nazo, heri yake. Kwa saa zako 12, saa 1,800 ni wiki 150, karibu miaka mitatu. Hiyo ndiyo bei yako halali. Anayekuambia alibeba tano huku anafanya kazi, usimwulize alipata alama gani. Mwulize saa aliziiba wapi.

Maana saa haziongezeki. Ukizidisha matumizi umeiba mahali, na aliyeibiwa ni mtu mwenye jina. Mimi niliiba kazini.

Ule mwaka wa baiskeli nilijaza fomu kozi zote zilizokuwapo. Usiku nilisoma kwa chemli, asubuhi naingia ofisini macho mekundu. Siku moja likaja jalada la mafao ya mirathi ya mtumishi aliyefariki. Nikalisajili, nikaliandika namba, kisha mkono wenye usingizi ukaliweka rafu ya jirani, ya majalada yaliyofungwa. Mjane akaja kutoka Mpwapwa kwa basi kulifuatilia. Nikafungua daftari, nikatazama rafu, nikamwambia halijafika. Akarudi mwezi uliofuata. Nikamwambia halijafika. Mara ya tatu alikuja na mtoto mgongoni na fundo la kitambaa mkononi. Akalifungua juu ya kaunta. Zilikuwa karanga za kuchemsha, bado zina unyevu. Akazisukuma upande wangu akasema, "Baba, sina zaidi ya hizi."

Alidhani hicho ndicho nilichokuwa nasubiri.

Jioni ile sikwenda nyumbani kusoma. Nilipekua rafu kwa rafu hadi nikalipata jalada, saa mbili usiku. Mwaka ule nilifeli kozi tatu, nikazirudia miaka miwili, na leo hata sikumbuki zilihusu nini. Karanga zile nazikumbuka. Shahada yangu imetundikwa sebuleni, umeiona. Kila ninapoitazama najua sehemu ya ada yake ililipwa na mjane wa Mpwapwa kwa nauli ya basi.

Mezani kwako hawapiti wajane, zinapita tarakimu. Lakini nyuma ya tarakimu kuna foleni ya watu usiowaona. Sifuri moja ikidondoka kwenye kasma kwa sababu uliichapa ukiwa umelala macho wazi, mwenye kuikosa yuko kijiji fulani cha Chemba, wala hana nauli ya kuja na karanga.

Jambo la pili ni majira. Wewe ni mtoto wa Ugogo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na ni chache hata ikiwa nzuri. Umewahi kumwona mtu akipanda uwele mwezi wa nane kwa kuwa tu ana nguvu? Nguvu huwekwa ghalani kama chakula, zikasubiri mvua.

Nawe una majira yako, ila hujayaandika. Zamani Bunge lilikuja Dodoma kama mgeni, likafanya kikao, likaondoka, mji ukalala. Tangu Serikali ianze kuhamia kweli mwaka 2016 na wizara zikasimama Mtumba, mji mzima unapumua kwa pumzi ya bajeti. Machi ni kamati za Bunge na randama. Aprili linaanza Bunge la bajeti, hadi mwishoni mwa Juni, na tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unafungwa. Miezi hiyo simu ya mkurugenzi inaita saa tano usiku na jibu linatakiwa kabla ya kipindi cha maswali asubuhi. Semista inayoangukia hapo, chukua kozi moja, au pumzika kabisa. Hii ya sasa ndiyo mvua yako, chukua mbili. Chapisha kalenda ya chuo na kalenda ya Bunge, uzibandike ukutani ubavu kwa ubavu, na usiguse tena dirisha la usajili kabla ya kusimama mbele ya kalenda hizo.

Mengine nayapitia haraka, kwa kuwa unayajua na huyatendi. Mwandikie mkuu wako barua ya masomo, ipite masijala, ibaki kwenye jalada lako. Anayesoma kwa siri huugua kwa siri. Soma kitabu cha mwongozo cha chuo, kile ulichopakua na hujakifungua, uone muda wa juu wa kumaliza, mwisho wa kuondoa kozi, na namna ya kuahirisha. Kozi ukiiondoa ndani ya muda ni fomu moja. Ukiiacha tu ikae, inageuka sapu, mtihani wa marudio; sapu inageuka keri, kozi ya kubeba hadi mwaka mwingine; na keri zikipandana unaondolewa chuoni, ndiyo mnaita kudisko. Tena hesabu na fedha. Bodi ya Mikopo inakukata asilimia 15 ya mshahara kwa deni la shahada ya kwanza. Ada ya kozi utakayoirudia inatoka kwenye kilichobaki, pale pale inapotoka ada ya mtoto na bando la hiyo mihadhara.

Na kozi hizi ni tambarare tu. Mlima ni tasnifu. Wengi niliowaona wakikwama hawakukwamia darasani. Walimaliza kozi mbio mbio, wakafika kwenye tasnifu hawana pumzi, nayo ikalala miaka. Tasnifu inataka swali, na swali zuri huliokoti usiku wa mwisho. Lichukue mezani kwako, kwenye jambo unalolishika kila siku, ili mchana wako ulishe usiku wako. Inataka vibali: barua ya chuo kwenda mkoani, mkoa uandikie wilaya, wilaya iandikie kata, na kila meza kuna mtu kama mimi na rafu kama zile. Inataka msimamizi, naye ana wanafunzi wengine. Itengee semista nzima, peke yake, kama mgeni anayepewa chumba.

Usipoitengea utajikuta kwa wale wanaoandika tasnifu za watu kwa bei. Hawana mabango lakini namba zao zinajulikana. Siku hizi hata hao hawahitajiki, unaiambia kompyuta ikuandikie. Nimewafahamu walionunua, mama, na nikuambie kilichonisikitisha: wavivu kati yao walikuwa wachache. Wengi walikuwa wachapakazi kama wewe, waliojibebesha hadi mkono ukakosa nafasi ya kushika kalamu. Watu husema waliiba mwishoni. Mimi naona waliiba siku ya kwanza, usiku ule wa usajili, walipoahidi saa ambazo hawakuwa nazo. Waliyoyafanya baadaye yalikuwa ni kulipa deni.

Sisemi uache. Ungeacha ningekufuata huko Ilazo na bakora. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyezaliwa mwaka 1960, alipata shahada yake ya uzamili ya maendeleo ya kiuchumi ya jamii mwaka 2015, kwenye mpango wa pamoja wa Chuo Kikuu Huria na Southern New Hampshire University ya Marekani. Toa mwenyewe uone alikuwa na umri gani. Nelson Mandela alianza kusomea sheria Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1943, na shahada ya sheria aliipata mwaka 1989 kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini (UNISA), kwa masomo ya masafa, akiwa bado mfungwa. Ni miaka 46. Sijasikia mtu akimwita mzembe. Cheti hakiandikwi kilichukua miezi mingapi. Kinaandikwa jina lako, na jina ndilo la kulinda.

Namalizia na mizabibu, halafu nitakuacha.

Ulinifuata shambani, mavuno ya Septemba yamekwisha, ukanikuta nimeshika mkasi. Ukasema, "Mjomba, mbona unakata matawi mabichi?" Nilikujibu kwa kifupi kwa sababu simu yako iliita. Jibu refu ni hili.

Zabibu zililetwa Dodoma na mapadri wa misheni ya Bihawana, hapa jirani zetu, miaka ya 1950. Kwao Ulaya baridi ikishuka mzabibu hupukutisha majani na kulala hadi joto lirudi. Haungoji ruhusa ya mkulima. Baridi inaulaza kwa nguvu. Huku kwetu baridi ya namna hiyo haipo. Ukiuacha mzabibu wa Dodoma ujiendee, haulali. Unarefuka, unajaza majani, unapanda waya hadi kwa jirani, na mpita njia atausifu kwa kijani chake. Vichala utavihesabu kwa vidole. Ndiyo maana tunaukata. Mkasi ndio baridi yetu. Na kwa kuwa tunaulaza wenyewe, kisha tunauamsha wenyewe, tunavuna mara mbili kwa mwaka, neema ambayo huko walikotoka mapadri haipatikani.

Darasa lilikuwa na baridi yake. Lilikuwa na kengele, likizo, mlango na daladala la mwisho. Masomo yako ni Dodoma, jua mwaka mzima. Ukisubiri kitu kije kukulaza, kitakacholala ni tonge lako hewani.

Nilikupa mkasi ujaribu. Ulishika tawi kwa woga, ukauliza, "Hapa?" Nikakuambia chini zaidi. Ukashuka kidogo. Nikakuambia chini zaidi, bakiza macho mawili matatu, basi. Ukakata, na penye jeraha pakaanza kutoka maji, tone kwa tone. Ukanitazama kama umeua kitu. Hivyo ndivyo mzabibu unavyofanya, mama. Ukikatwa hudondosha machozi siku kadhaa, na mkulima hupita akaendelea na mstari wa pili.

Dirisha la kuondoa kozi linafungwa Ijumaa. Uliniambia mwenyewe, kabla hujaniita dokta. Bakiza mbinu za utafiti, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayokushika mkono hadi kwenye tasnifu, na moja inayogusa kazi ya mezani kwako. Tatu zilizosalia unajua pa kuzikata.

Nimesema, na sitarudia, maana nimechoka kweli. Jumapili njoo ule. Ukija bila waya sikioni nitajua. Na ukija nao, usijali, chumvi nitaisogeza mwenyewe.